Chuma Kwanza, Hadithi Baadaye: Bunduki za Kimarekani katika Bonde la Ufa

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Bondeni, Nakuru



Niwatoe wasiwasi mapema. Sikuja na bunduki. Bunduki isiyo na kibali ni kesi hata kama mara ya mwisho ililia kabla reli haijafika hapa, na mwenye ukumbi huu ana watoto wa kulisha. Nimekuja na picha, na nitaziacha ukutani hadi mtu wa mwisho ashibe kuzitazama.

Bunduki kuukuu haikosi wa kuisemea. Ukionyeshwa iliyofichwa darini, au mtutu uliofukuliwa shambani huko Subukia au Rongai, kabla hujainama kuutazama utakuwa umeshaambiwa: hii ni ya Mjerumani, hii babu alirudi nayo kutoka Burma, hii aliiacha Roosevelt. Hadithi hizo nazipenda, na baadhi ni za kweli. Lakini anayetaka kuitambua bunduki huomba radhi, akaiweka hadithi kando, akasoma chuma. Chuma kikishasema, ndipo hadithi irudishwe tuone kama inaingiana nacho. Nimechagua bunduki za Kimarekani kwa sababu ndizo zinazosingiziwa zaidi. Jeshi la Marekani halikupigana katika bonde hili. Hata hivyo silaha zilizoundwa kwa ajili ya majeshi, zenye majina ya viwanda vya Marekani, zimefika katika nchi zetu, na nyingi zilifika mikononi mwa watu ambao si Wamarekani.

Tuanzie pwani. Tarehe 21 Septemba 1833, mjini Maskati, Mmarekani Edmund Roberts alifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan. Wamarekani waliruhusiwa kuuza bidhaa zao bila kizuizi, isipokuwa bunduki, baruti na risasi. Hizo, katika kisiwa cha Unguja, wangeiuzia serikali peke yake. Katika bandari nyingine za Sultani wangeziuza wapendavyo. Mimi naona kifungu hicho kinamweleza Sayyid Said kuliko sifa nyingi alizoandikiwa. Kisiwani hakutaka mtutu ambao yeye hakuuona kwanza. Bara lilikuwa shauri jingine. Merikebu za Salem, Massachusetts, zikawa zinashusha vitambaa vya merikani na baruti, zinapakia pembe, sandarusi na ngozi, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa huko huko Salem, akaanza kazi Unguja kama konseli wa kwanza wa Marekani.

Bunduki za biashara hiyo zilikuwa za gumegume, na baadaye za fataki. Baruti inamiminwa kupitia mdomo wa mtutu, risasi inafuata, kisha unashindilia kwa mdeki. Ndiyo magobori tunayoyajua. Basi mtu akisikia kwamba Wamarekani waliuza silaha Unguja, anakimbilia kusema gobori la kwao ni la Kimarekani. Mara nyingi sivyo. Mfanyabiashara huuza kilicho rahisi, na kilicho rahisi kilitoka Liège, Ubelgiji. Tazameni picha ya kwanza, mahali ambapo mtutu unaanza kuzama kwenye mbao. Kuna duara lililobanwa kama yai, na ndani yake herufi ELG. Huo ni muhuri wa majaribio wa Liège. Yai likiwa na taji juu yake, muhuri ulipigwa mwaka 1893 au baadaye. Neno TOWER lililochongwa ubavuni nalo lisikubabaishe: ni alama ya Waingereza, lakini mafundi wa Ubelgiji waliiiga bila haya kwa sababu wanunuzi wa Afrika waliiamini.

Gobori la jeshi la Marekani lenyewe lina sura nyingine. Kwenye bamba la mtambo, ubavuni, utamkuta tai aliyetandaza mbawa, herufi US, jina SPRINGFIELD na mwaka. Springfield ni mji wa Massachusetts uliokuwa na kiwanda cha silaha cha serikali tangu 1794. Usipomwona tai wala jina la kiwanda cha huko, nyamaza kuhusu Marekani.

Mwaka 1888, Euan-Smith, mwakilishi wa Uingereza Unguja, alikisia kwamba bunduki 80,000 hadi 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Miaka miwili baadaye, Julai 1890, mataifa makubwa yalitia saini huko Brussels mkataba uliopiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika ukanda wote kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Hapa tulipoketi ni katikati kabisa ya ukanda huo. Gumegume na baruti ya kawaida viliachwa vipite kwa masharti. Ndiyo maana bunduki ya gumegume inayoonekana kuwa ya enzi za mababu wa mababu inaweza kuwa imeundwa wakati reli ya Mombasa inajengwa. Ukongwe wa mtambo si ukongwe wa bunduki.

Na gobori lilidumu kwa sababu nyingine, ya tumbo. Lilikula chochote: baruti iliyosagwa kijijini, marisau, vipande vya chuma cha sufuria, hata kokoto. Bunduki mpya ilikataa kila kitu isipokuwa risasi yake yenyewe, yenye ganda la shaba la kipimo chake. Kumbukeni jambo hili, kwa sababu linaamua kila kitu katika habari inayofuata.

Ukishaondoka kwenye magobori, swali la kwanza la kumuuliza mgeni wako wa chuma si "umeandikwa nini?" ni "unafungukaje?" Nyuma ya mtutu pana kizibo, na kila taifa lilikifungua kwa namna yake. Snider ya Waingereza, kizibo kinalala upande wa kulia. Martini-Henry, nayo ya Waingereza, unavuta wenzo ulio chini ya kishikio na kizibo kinazama; ubavuni ina taji na herufi V.R. za Malkia Victoria. Springfield ya 1873 ya jeshi la Marekani, kizibo kinanyanyuka juu na kuelekea mbele, kama kifuniko cha birika. Gras ya Wafaransa ina komeo la kusukuma na kuvuta, na maandishi ya kiwanda cha St. Etienne; hiyo ndiyo iliyotoka Uhabeshi ikashuka hadi kwa Waturkana, na nimesikia ikiitwa ya Kimarekani na watu ambao hawakuwa wameifungua hata mara moja. Mauser ya 1871, waliyokuwa nayo askari wengi wa Wajerumani kule Tanganyika mwaka 1914, nayo ina komeo, na moshi wake mzito ulikuwa unamsaliti mpigaji popote alipojificha.

Remington inafunguka kwa kurudi nyuma. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hii ndiyo bunduki ya Kimarekani yenye haki ya kudai undugu na sisi.

Picha ya tatu. Kuna vipande viwili vilivyofuatana, vyote vina sikio la kuvutwa kwa kidole gumba. Cha nyuma ni nyundo, cha mbele ni kizibo. Unavuta nyundo hadi ishike. Kisha unavuta kizibo, kinabingirika kuja nyuma, na shimo la mtutu linabaki wazi. Unatia risasi moja, unarudisha kizibo. Ukibonyeza kifyatulio, nyundo inapoanguka inaingia chini ya kizibo na kukikaza, hivyo mlipuko hauwezi kukifungua. Hakuna springi ya ajabu, hakuna kitu cha kupotea mchangani. Leonard Geiger na Joseph Rider ndio waliokifikiria, na kiwanda kilikuwa Ilion, jimbo la New York.

Sasa shukeni nyuma kidogo ya nyundo, kwenye ulimi wa chuma unaoingia katika mbao. Hapo pameandikwa kwa herufi ndogo: E. REMINGTON & SONS, ILION, N.Y., U.S.A., halafu PAT. na mfululizo wa tarehe, ya kwanza ikiwa ya Mei 1864. Mwenye bunduki akiisoma anatoa jicho: 1864! Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani! La hasha. Zile ni tarehe za hataza, siku ambazo serikali ilimpa mbunifu haki ya ubunifu wake. Bunduki iliyoundwa miaka kumi baadaye ilibeba tarehe zile zile. Soma tarehe ya mwisho katika mstari, si ya kwanza. Hiyo inakuambia bunduki haikuundwa kabla ya siku ile. Na mwisho wake? Jina lenyewe linatusaidia. Kampuni ya E. Remington & Sons ilifilisika mwaka 1886, na mwaka 1888 ikachukuliwa na wenye mali wengine, ikaitwa Remington Arms Company. Kwa hiyo penye & SONS, bunduki ni ya kabla ya mageuzi hayo. Mistari miwili ya maandishi imekupa ukuta wa mbele na ukuta wa nyuma, bila kumuuliza mtu yeyote.

Ilifikaje huku? Mtawala wa Misri, Khedive Ismail, aliagiza Remington 60,000 mwaka 1869. Vita vya Ufaransa na Prussia vikalipuka mwaka uliofuata, na sehemu ya shehena iliyokuwa ya Misri ikaishia kwa Wafaransa, lakini baadaye Misri ilipata zake. Ismail hakununua bunduki tu. Aliajiri na maofisa wa Kimarekani waliokosa kazi baada ya vita vyao kwisha, wa pande zote mbili: Charles Stone, aliyepigana upande wa Kaskazini, akawa mnadhimu mkuu wa jeshi lake; William Loring, aliyekuwa jenerali wa Kusini, alikuwa pamoja na jeshi la Misri lilipochapwa na Wahabeshi huko Gura mwaka 1876. Wahabeshi waliokota Remington kwa maelfu. Mwingine, Charles Chaillé-Long, alifika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda mwaka 1874. Tarehe 5 Novemba 1883 jeshi la Misri chini ya Hicks Pasha liliangamizwa na watu wa Mahdi, kiongozi wa uasi wa Sudan, huko Kordofan, na Remington nyingine kwa maelfu zikabadili mikono. Mtu akikuta Remington Sudan au Uhabeshi, asidhani lazima ilinunuliwa. Huenda ilitekwa, ikatekwa tena.

Kusini kabisa mwa himaya hiyo ya Misri palikuwa na jimbo la Ekwatoria, na gavana wake Emin Pasha, Mjerumani ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer. Askari wake, wengi wao Wasudani, walikuwa na Remington. Khartoum ilipoanguka Januari 1885, njia ya Mto Nile ikafungwa, na risasi zao zikafungiwa nayo. Hapa ndipo ule ulaji wa kuchagua unapouma. Bunduki nzuri kuliko zote za jirani, na hakuna kijiji cha kusaga baruti yake wala kufua ganda lake. Msafiri Stanley alipotumwa kumwokoa Emin mwaka 1887, akipitia Unguja kuchukua wapagazi kisha akazunguka hadi Mto Kongo, alibeba risasi za Remington 100,000 zilizotolewa na serikali ya Misri, pamoja na Remington zaidi ya 500. Alimkuta Emin kando ya Ziwa Albert Aprili 1888. Wazungu waliandika vitabu kuhusu kama Emin alitaka kuokolewa. Askari walitaka risasi.

Emin alifika Bagamoyo Desemba 1889. Askari wengi walibaki nyuma na kiongozi wao Selim Bey. Mwaka 1891 ofisa Mwingereza, Lugard, aliwafuata hadi karibu na Ziwa Albert, akawachukua, mamia ya askari na maelfu ya wake, watoto na wafuasi, wakawa nguzo ya utawala wa Waingereza Uganda. Mwaka 1895 wakaingizwa katika kikosi cha Uganda Rifles. Na Septemba 1897 wakaasi. Mahali? Eldama Ravine, hapo juu tu, safari isiyomaliza saa mbili kwa matatu kutoka stendi yetu. Walikuwa wamechoka kwa vita baada ya vita. Mshahara ulikuwa mdogo na ulichelewa, na mara nyingi ulilipwa kwa nguo. Sasa wakaamriwa kumfuata ofisa Mwingereza, Macdonald, katika safari ambayo hawakuambiwa mwisho wake, na wake zao wabaki. Walikataa, wakashika njia ya Busoga, na damu iliyomwagika kwenye ngome ya Lubwa mwezi uliofuata ilikuwa nyingi.

Waliosalia watiifu, na wana wao, waliingia King's African Rifles kikosi hicho kilipoundwa mwaka 1902. Ndio Wanubi wa Kibera, wa Eldama Ravine, na wengine wameketi humu ndani leo wananitazama kuona kama nitakosea.

Roosevelt nitampitia kwa haraka, maana tayari anasemwa kupita kiasi. Alishuka Mombasa Aprili 1909, wiki chache baada ya kutoka Ikulu ya Marekani, akawinda Naivasha, akakaa kwa mlowezi Delamere huko Njoro. Alikuwa na Winchester ya kipenyo cha .405, bunduki nzito ya Kiingereza ya mitutu miwili aliyopewa zawadi, na Springfield ya jeshi la Marekani, muundo wa 1903, iliyochongewa kitako cha kumfaa. Muundo huo ulifuata Mauser kwa karibu kiasi kwamba serikali ya Marekani ilimlipa Mjerumani dola 200,000. Risasi yake ya inchi .30 ilipitishwa mwaka 1906. Ganda lake halina ukingo uliotokeza kitakoni, tofauti na ganda la .303 la Waingereza ambalo ukingo wake unaushika kwa kucha. Kwenye picha ya tano someni kitako cha ganda: F A, kisha 4, kisha 09. Ni kiwanda cha serikali cha Frankford, Aprili 1909. Ukiokota .303 Naivasha ukasema ni ya Roosevelt, ganda lenyewe linakukana.

Springfield za enzi ile zilikuwa na kasoro ya kufundisha. Fundi wa tanuri alipima joto la chuma kwa macho, kwa rangi yake. Siku ya jua chuma kilionekana hakijaiva, akakizidisha moto. Siku ya mawingu alikitoa mapema. Sanduku la mtambo likatoka gumu lakini la kuvunjika kama kigae. Kasoro ilirekebishwa mwaka 1918, na tangu hapo wajuzi huiogopa bunduki ya kiwanda cha Springfield yenye nambari chini ya 800,000. Nambari kwenye chuma si pambo. Nyingine inakuambia usiguse.

Kuna na bunduki ambazo hazina alama hata moja. Wapiganaji wa Mau Mau walipovamia kituo cha polisi cha Naivasha tarehe 26 Machi 1953 waliondoka na bunduki 47, lakini msituni wengi walibeba za kujiundia: bomba la maji kwa mtutu, komeo la mlango kwa mtambo, mpira wa tyubu kwa springi. Nimeona watu wakiziweka fungu moja na magobori ya karne ya kumi na tisa kwa sababu tu zote zina kutu. Bomba la maji lina mshono kwa ndani na skurubu zake ni za dukani. Ni vitu vya thamani kubwa, na ni vya hapa.

Nimalizie kwa maswali mliyoandika kwenye vikaratasi.

Mama mmoja anauliza afanye nini, mume wake marehemu aliacha kitu cha namna hii darini. Mama, usikifungue, usikielekeze kwa mtu, na usimwache mjukuu akisugue kwa msasa ili king'ae, maana msasa unafuta alama zote nilizozungumzia tangu saa nane. Gobori linaweza kuwa limeshindiliwa tangu siku lilipowekwa, na baruti kavu haizeeki. Piga simu kituoni, aje afisa akichukue mwenyewe; sheria ya silaha, Sura ya 114, haina huruma na mtu anayetembea nacho barabarani. Kabla hakijachukuliwa, kama alama zinaonekana bila kukigusa, piga picha.

Kijana anauliza bei. Huko Marekani sheria ya 1968 inaiita bunduki iliyoundwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa ya kale, na inauzwa kwa masharti mepesi. Sheria hiyo inaishia kwao. Hapa, ukitangaza bei, wa kwanza kukupigia atakuwa mpelelezi.

Mzee wangu wa Kinubi anauliza vizuri kuliko wote: Remington moja iliyopita Misri utaitofautishaje na iliyonunuliwa kwingineko, na zote zimeandikwa Ilion? Kwa maandishi ya Ilion, huwezi, Mzee. Tazama kitako, na ubavu wa chuma karibu na kizibo. Bunduki za jeshi la Misri mara nyingi zimepigwa nambari na alama kwa tarakimu na herufi za Kiarabu, ndogo, wakati mwingine zimelalia upande. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huzipiga picha wakatafuta mtu wa kuwasomea. Bondeni nzima imepita chuoni. Hapa kila mtoto wa miaka kumi atakusomea. Kwa hiyo mwenye picha ya bunduki ya babu aliyetoka na Selim Bey ailete kwangu pale mezani, mimi nisome upande wa Ilion, na mmoja wenu asome ule mwingine.